Olenguruone: Wapangaji katika Shamba Lao

Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa waumini na wanaharakati wa mageuzi



Nimeombwa nizungumze juu ya ardhi na mageuzi. Nilipoketi kuandika niliona kwamba nikitaka kusema juu ya ardhi ya Kenya nzima, nitasema maneno mengi na nyinyi mtaondoka na machache. Kwa hiyo nimechagua mahali pamoja tu. Nimechagua Olenguruone.

Wengi wenu mmelisikia jina hilo katika habari za mapigano. Ni mahali pa baridi, kwenye mgongo wa Mau, upande wa kusini magharibi wa Nakuru. Asubuhi ukungu hulala juu ya mashamba hata mtu asimwone ng'ombe wake. Mahindi huchukua miezi mingi kukomaa, na mwaka mwingine hayakomai. Kinachokubali ni viazi, pareto, nyasi na maziwa. Udongo ni mweusi na mzito. Mvua ikinyesha, barabara hugeuka tope, na mgonjwa hubebwa na jirani aliye karibu, awe wa kabila lipi. Nasema jambo hili la jirani mapema kwa makusudi. Watu wa Olenguruone wameishi pamoja siku nyingi zaidi kuliko walivyopigana, ijapokuwa magazeti huwatembelea siku za kupigana tu.

Jina lenyewe ni la Kimaasai. Hilo peke yake lingetosha kutufanya tuulize: mbona basi historia ya Olenguruone husimuliwa kama historia ya Wakikuyu, na wenyeji wake wengi wa leo ni Wakipsigis, na msitu ulio nyuma yake Waogiek wanauita wao? Tutafika huko. Kwanza tuanze na mwaka 1941.

Mwaka huo serikali ya kikoloni ilianza kuwaweka Wakikuyu katika makazi mapya ya Olenguruone. Hawakutoka Kikuyuni moja kwa moja. Walikuwa wametolewa katika nchi ya Wamaasai, pande za Melili na Nairage Enkare, ambako wao au wazazi wao walikuwa wamehamia, wakalima, wakauza mazao, na wengine wakaoa na kuozwa kwa Wamaasai. Na kwa nini walikuwa wamehamia huko? Kwa sababu mashamba yao ya Kiambu yalikuwa yamechukuliwa na walowezi mwanzoni mwa karne. Hapa, ndugu zangu katika Kristo, tusikwepe: baadhi ya misheni nazo zilipata sehemu ya ardhi ile. Kanisa linapozungumza juu ya ardhi halizungumzi kama mtazamaji aliyesimama kando ya barabara.

Basi watu hawa walipofikishwa Olenguruone walielewa jambo moja: kwamba hii ni fidia. Tumenyang'anywa kule, tumepewa hapa. Kwa Mkikuyu, ardhi ya ukoo ni *githaka*. Ni ya waliokufa, ya walio hai na ya watakaozaliwa, na hakuna anayeomba ruhusa kwa bwana shamba ili alime penye *githaka* chake. Hivyo ndivyo walivyoingia Olenguruone. Serikali nayo ilikuwa imeelewa vingine kabisa. Kwa serikali watu hawa walikuwa wapangaji. Muda si mrefu zikaletwa kanuni za kutiwa sahihi: kila familia ekari 8, sehemu ya shamba ilazwe nyasi, mazao yapandwe kwa zamu iliyowekwa na ofisa wa kilimo, mifugo ihesabiwe, na urithi uende kwa mwana mmoja, wengine watafute pa kwenda. Asiyefuata kanuni ataondolewa.

Kuna wanaosema hata leo kwamba kanuni zile zilikuwa nzuri kwa udongo, na kwamba wakulima walikataa maendeleo kwa ukaidi. Huenda kulaza nyasi kulikuwa na faida. Lakini hapakuwa na ugomvi juu ya nyasi. Ugomvi ulikuwa juu ya ile sahihi. Mtu akitia sahihi kwamba atafuata kanuni la sivyo aondolewe, amekwisha kukiri kwamba anaweza kuondolewa. Wazee wa Olenguruone, wengi wao bila elimu ya darasani, waliliona jambo hilo haraka kuliko mawakili wengi ambao wangeliona. Wakakataa sahihi.

Walikataa kwa miaka kadhaa, na hawakukataa kwa kupiga kelele tu. Walichanga fedha, wakaajiri mawakili, wakapeleka wajumbe Nairobi, wakaandika barua za malalamiko. Samuel Koina alikuwa miongoni mwa viongozi wao. Chama cha KCA kilikuwa kimepigwa marufuku tangu 1940; KAU ilipoanza, nayo ikaombwa msaada. Walishtakiwa kwa kukaa katika ardhi ya serikali bila kibali, wakapatikana na hatia, wakakata rufani, na mwaka 1947 rufani ikashindwa. Hebu litafakarini neno lile, "bila kibali". Mtu ameletwa na serikali, ameonyeshwa shamba na serikali, kisha anashtakiwa na serikali iyo hiyo kwa kuwapo pale alipowekwa.

Na walikula kiapo. Najua neno hilo linawakwaza wengi katika ukumbi huu, na mimi sitasimama hapa kulisafisha. Viapo vya siasa vilikuwapo kabla ya hapo, lakini vilikuwa vya viongozi wachache wanaoaminiana. Olenguruone walifanya jambo jipya: wakala kiapo cha umoja watu wote, wanaume, wanawake na hata watoto, ili asipatikane hata mmoja wa kutia sahihi. Wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba mfano huo ndio uliosambaa baadaye katika mashamba ya walowezi ya Bonde la Ufa, hadi Kiambu, na ndio uliotangulia vita vilivyoifanya serikali itangaze hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Maskwota wa Naivasha, Nakuru na Molo walikuwa wakiitazama Olenguruone kama mtu anavyotazama nyumba ya jirani inayoungua. Wao nao walikuwa wakibanwa: siku za kazi zimeongezwa, ng'ombe wamepunguzwa. Waliwaza kwamba wenzetu waliopewa ardhi rasmi wakifukuzwa, sisi wa mkataba tutapona vipi?

Wakafukuzwa. Amri za kuwaondoa zilianza kutekelezwa mwaka 1948, na kufikia mwanzo wa 1950 kazi ilikuwa imekamilika. Mazao yalifyekwa, mifugo ikachukuliwa, nyumba zikatiwa moto, na watu wakapakiwa katika malori. Wengi walipelekwa Yatta, nchi kavu ya Ukambani, yenye mawe na joto, mahali ambapo mkulima wa viazi wa Mau asingejua hata aanzie wapi. Inasimuliwa kwamba walikwenda wakiimba. Kwa masimulizi ya namna hiyo tunajua kwamba akina mama walikuwamo malorini na watoto mgongoni, kwa kuwa faili za serikali huhesabu wakuu wa familia na kuishia hapo.

Sasa, mwenyekiti, kama ningeishia hapa, wengine katika ukumbi huu wangeondoka wameridhika na wengine wangeondoka wamenuna. Tungekuwa tumesikia hadithi ya Nabothi na shamba lake la mizabibu, Ahabu akiwa mkoloni, na Nabothi akiwa Mkikuyu. Mahubiri ya namna hiyo nimeyasikia mara nyingi, na husifiwa sana na wale ambao Nabothi ni wa kabila lao. Lakini Olenguruone kuna Nabothi wanne.

Wa kwanza ni Mmaasai. Mkataba wa mwaka 1904 ulimtoa katika malisho bora ya Bonde la Ufa, sehemu moja ikaenda Laikipia na nyingine kusini, akaahidiwa kwamba hatasumbuliwa tena. Baada ya miaka 7, mwaka 1911, akahamishwa tena kutoka Laikipia. Alipokwenda mahakamani mwaka 1913, katika kesi ya Ole Njogo, aliambiwa kwamba mkataba ule ni jambo baina ya dola na dola, na mahakama haina uwezo wa kuusikiliza. Kwa hiyo alipewa mkataba kama mtu mwenye dola yake, na alipotaka uheshimiwe akakuta hana dola. Ardhi iliyotengwa kwa makazi ya Olenguruone ilimegwa kutoka ardhi ya watu hawa waliokwisha kumegewa.

Wa pili ni Muogiek, mrina asali na mwindaji wa msitu wa Mau. Huyu hata mkataba hakupewa. Tume ya Ardhi ya mwaka 1932 hadi 1934 ilipendekeza watu wa jamii kama yake wachanganywe na makabila jirani, maana hawakuonekana kuwa na nchi. Ilimbidi angoje hadi tarehe 26 Mei 2017 ndipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikatamka kwamba serikali ya Kenya ilivunja haki zake, na hadi tarehe 23 Juni 2022 ndipo mahakama hiyo ikaamuru alipwe fidia. Kushinda kesi na kurudishiwa msitu ni mambo mawili.

Wa tatu ni Mkipsigis. Ardhi yake ya Kericho ilifanywa mashamba ya chai ya makampuni, na ukoo mzima wa Talai ukapelekwa uhamishoni Gwassi kwa sheria ya mwaka 1934, usirudi mpaka uhuru ukikaribia. Yeye naye alipanda Mau akitafuta pa kulima, na baada ya Wakikuyu kuondolewa, jamii yake ikawa nyingi katika nchi ile. Wa nne mmekwisha kumsikia.

Kila mmoja wa hawa akisimama mbele yenu na kusema "nilidhulumiwa", atakuwa amesema kweli. Kila mmoja akisema "kwa hiyo huyu jirani yangu ndiye mwizi", atakuwa ameanza kumtumikia mtu mwingine bila kujua.

Mtu huyo mwingine tulimwona waziwazi mwaka 1991. Sisi wa vuguvugu la vyama vingi tulikuwa tukidai kifungu cha 2A kiondolewe katika katiba, na kiliondolewa mwezi Desemba mwaka huo. Lakini miezi kabla ya hapo, kuanzia Septemba, ilifanyika mikutano ya hadhara Kapsabet na kwingineko, wanasiasa wa chama tawala wakidai majimbo na kuwaonya "wageni" wa Bonde la Ufa kwamba siku zao zinahesabika. Tarehe 29 Oktoba 1991 mapigano yalianza katika shamba la Meteitei, wilaya ya Nandi. Mwezi Machi na Aprili 1992 moto ulikuwa umefika Molo na Olenguruone. Mishale, mapanga, nyumba zikiteketea, na familia za Wakikuyu na Wakisii zikikimbilia makanisa na vituo vya masoko. Watu waliozoea kuazimana jembe wakaitana madoadoa. Na walipolipiza kisasi, ndugu zangu, nyumba za Wakalenjin nazo ziliungua, na waliofia ndani yake hawakuwa wamehudhuria mkutano wowote wa Kapsabet.

Mtazame jinsi hila ile ilivyofanya kazi. Katika mfumo wa chama kimoja haikudhuru kitu kwamba jirani yako ni wa kabila jingine, maana kura yake haikubadilisha neno. Vyama vingi vilipokuja, kura ikapata uzito. Na kura hupigwa pale mtu alipoandikishwa, na mtu huandikishwa pale anapoishi. Mwondoe shambani, umemwondolea na kura. Kitambulisho kimeungua ndani ya nyumba, kituo kiko upande ambao hathubutu kurudi, na tarehe 29 Desemba 1992 anaamkia hemani. Hapakuwa na haja ya kuiba masanduku.

Nitasema kwa haraka juu ya tume, kwa sababu tume tumezipata nyingi. Kamati ya Bunge chini ya Mheshimiwa Kennedy Kiliku iliripoti mwaka 1992 kwamba watu 779 walikuwa wameuawa, ikataja wachochezi, na Bunge likaikataa ripoti. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria mwezi Novemba 1993 kwamba waliokufa walifika 1,500, na waliohama 300,000. Tume ya Jaji Akiwumi iliteuliwa mwaka 1998, ikamaliza kazi 1999, na ripoti yake ikafungiwa hadi Oktoba 2002. Wakati huo wote mtu wa Olenguruone alikuwa akilima viazi karibu na mtu aliyemwona usiku ule.

Kanisa, nalisifu. NCCK ilitoa ripoti yake mapema, Aprili 1992, wakati maofisa wakisema hakuna lolote isipokuwa ugomvi mdogo wa mipaka. Marehemu Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki wa Nakuru alisema hadharani mambo ambayo wengine walikuwa wakinong'ona. Makanisa yalitoa mahindi, blanketi na mahali pa kulala. Lakini nina swali, na naliuliza kwa heshima. Tulipogawa blanketi, tuligawa kwa waliofukuzwa. Wale waliobaki milimani tuliwaacha na wachochezi wao. Ni makasisi na wachungaji wangapi walipanda kule juu kuketi na wazazi wa vijana waliorusha mishale, wakauliza nani aliwalisha, nani aliwasafirisha, nani aliwaahidi shamba? Na shamba lenyewe, waliandikiwa?

Jibu la swali hilo la mwisho lilikuja baadaye, na lilikuja kwa uchungu. Kabla ya uchaguzi wa Desemba 2007, eneo la Kuresoi, ambamo Olenguruone ilikuwa, lilikwisha kuanza kuwaka. Baada ya matokeo, nchi nzima ikaona. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini. Mwezi Mei 2008 serikali ikaanzisha Operesheni Rudi Nyumbani, shilingi 10,000 kwa familia za kuanzia maisha, na wengi wakarudishwa kwenye majivu yao kabla hawajaulizwa kama wanaweza kulala hapo.

Halafu ikaja Novemba 2009. Safari hii askari waliingia Mau kusini magharibi kuwatoa watu msituni, ili kuokoa vyanzo vya mito. Waliotolewa wengi walikuwa Wakipsigis, pamoja na baadhi ya Waogiek. Wengine walikuwa na hati walizopewa wakati serikali ilipomega msitu ule. Hati zikatangazwa kuwa si kitu. Wakalala kando ya barabara chini ya karatasi za plastiki, mvua ya Mau ikiwanyeshea, watoto wakikohoa. Sibishani juu ya msitu. Mito inahitaji msitu, na kila mkulima anajua. Nasema tu kwamba aliyeelezwa kwa miaka 18 kuwa yeye ndiye mwenyeji na wengine ni wageni, siku hiyo alisomewa maneno yaliyosomwa Olenguruone miaka ya 1940: uko hapa bila kibali.

Nilipoyaweka mambo haya mawili bega kwa bega, malori ya Yatta na mahema ya 2009, ndipo nilipoelewa kile nilichotaka kuwaambia leo. Mgogoro wa Olenguruone tumeuita wa makabila kwa sababu makabila ndiyo yaliyotoka damu. Lakini katika kila sura ya habari hii kuna mkono mmoja unaotoa ardhi kama hisani, na hisani huweza kutakwa irudishwe. Mkono huo ulikuwa wa gavana, ukawa wa ofisi ya wilaya, ukawa wa mwanasiasa anayegawa msitu mwaka wa kura. Anayekaa kwa hisani humpigia kura mwenye hisani, tena humpigania. Sisi tulidai vyama vingi tukapata, tukadai katiba mpya tukapata mwaka 2010, na katiba hiyo inasema ardhi yote ni ya watu wa Kenya, ikaunda Tume ya Taifa ya Ardhi ichunguze dhuluma za kihistoria. Mwaka 2016 sheria ikaweka miaka 5 ya kuwasilisha madai hayo. Miaka 5, kwa mambo ya tangu 1904! Mzee wa mlimani angejuaje kwamba saa ilikuwa ikienda, kama hakuna aliyempelekea habari kwa lugha anayoielewa?

Hapo ndipo penye kazi yetu, na naiweka mbele yenu kama pendekezo ili mwenyekiti aliamulie. Tumekuwa tukikutana sisi kwa sisi. Hebu tazameni humu ndani. Sitaki kusema tunafanana kwa nini, mnajua. Napendekeza mkutano ujao usifanyike mjini, ufanyike mlimani, katika kanisa lolote litakalotupokea, na wazungumzaji wasiwe sisi. Aje mzee wa Kimaasai aseme juu ya Laikipia kama alivyosimuliwa na babu yake. Aje Muogiek. Aje mama Mkipsigis aliyelala barabarani mwaka 2009, na mama Mkikuyu aliyelala uwanja wa kanisa mwaka 1992, waketi benchi moja, na kila mmoja asikilizwe hadi mwisho bila kukatizwa na bila kujibiwa siku hiyo. Yatakayosemwa yaandikwe, yasomwe tena kwa aliyesema, naye akubali kwamba ndiyo maneno yake. Wazee wanaokumbuka malori walikuwa watoto wadogo wakati ule, na kila mwaka tunawazika.

Najua itakuwa vigumu. Kuna watakaosema tunafukua makaburi. Kuna watakaokuja ili wasikie jina la adui yao likitajwa, na watanuna wakisikia la kwao. Mimi mwenyewe sijui nitafanya uso gani itakapofika zamu ya watu wangu kutajwa.

Karatasi ya majina iko mezani pale mlangoni. Anayejua Kikipsigis au Kiogiek na anaweza kutafsiri, tafadhali aandike jambo hilo kando ya jina lake, na kama ana gari linaloweza kupanda tope la Mau mwezi wa Aprili, aandike na hilo pia.